Tamthilia Ikituudhi, Tufanyeje?



Siku hizi tamthilia za televisheni zimefika hata vijijini. Zamani haikuwa hivyo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na sisi wa Tanzania Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994. Leo utaikuta dukani ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Utaikuta kwa jirani mwenye kisimbuzi. Utaikuta kwenye kibanda umiza, watu wamebanana juu ya mabenchi. Saa ya tamthilia ikifika, hata mwenye haraka zake hukaa.

Lakini ziko jioni ambazo watu hutoka wamenuna. "Ndiyo nini hiki?" "Yaani wiki nzima tumesubiri upuuzi huu?" Mmoja anaapa kwamba hatatazama tena. Mwingine anatoa simu na kusoma kwamba wahakiki wa huko mbali wameisifu sana sehemu ile ile. Basi, ubishi unaanza. Aliyeudhika anaambiwa, "Wewe huelewi, wataalamu wamesema ni nzuri." Naye ananyamaza, kwa sababu jambo limeandikwa.

Hapo ndipo sisi tunaofundisha madarasa ya watu wazima tunapopata wasiwasi. Mtu aliyejifunza kusoma akiwa na umri mkubwa huyaheshimu sana maandishi. Ni vizuri kuyaheshimu. Lakini si vizuri kuyaamini kuliko macho yako mwenyewe. Tena pesa ya kifurushi inatokana na mahindi yetu na pamba yetu, na saa za jioni ni saa zetu. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo tu.

Katika makala hii tutaeleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini tamthilia huudhi watu. Pili, uhakiki ni nini, na zile asilimia zinazoandikwa zina maana gani. Tatu, sisi wenyewe tunaweza kuandika maoni yetu namna gani.

MANENO YA KUJUA

Tamthilia ya mfululizo ni hadithi ndefu inayoigizwa kwa vipande. Kila kipande kinachoonyeshwa kwa siku moja tutakiita sehemu. Sehemu nyingi zinazoonyeshwa katika kipindi kimoja cha mwaka huitwa msimu. Mhakiki ni mtu anayetazama, halafu anaandika kueleza kazi ile ni nzuri au ni mbaya, na kwa nini. Maandishi yake huitwa uhakiki. Na kama watu wa vibanda umiza wanavyosema, mhusika mkuu ni steringi.

HADITHI NI AHADI

Bibi zetu walipotaka kusimulia walianza, "Paukwa!" Sisi tukaitika, "Pakawa!" Kuitika kule kulikuwa mapatano. Msikilizaji anaahidi kutega sikio. Msimulizi anaahidi kwamba hadithi itakwenda mahali fulani. Kama sungura amekuwa mjanja tangu mwanzo, hawezi kuwa mjinga mwishoni bila sababu. Akigeuka hivi hivi tu, watoto husema, "Bibi, mbona siyo hivyo?" Na bibi hujibu, au hurekebisha.

Televisheni haituitikii. Ukiiambia "mbona siyo hivyo," inaendelea tu na matangazo ya sabuni. Ndiyo maana hasira ya mtazamaji hukaa moyoni.

Hasira hii haikuanza na televisheni. Mwaka 1893 huko Uingereza, mwandishi Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake wa hadithi, Sherlock Holmes, katika gazeti la hadithi lililoitwa Strand. Alikuwa amechoka naye. Wasomaji walikasirika wakamwandikia barua za kulalamika. Mwaka 1901 alianza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, akiiweka kuwa ni ya kabla ya kifo kile. Mwaka 1903 akamrudisha kabisa, eti hakufa kumbe alijificha. Holmes ni mtu wa kubuniwa, lakini wasomaji walimlilia kama ndugu.

Nasi tunajua hali hiyo. Waliosikiliza Redio Tanzania kuanzia mwaka 1993 wanaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati, na yule dereva wa lori, Mkwaju. Watu walimsema Mkwaju kama mtu wa kijiji chao. Mchezo ule ulitungwa kwa makusudi ya kufundisha juu ya uzazi wa majira na UKIMWI. Kilichompata Mkwaju kilitokana na mwenendo wake mwenyewe. Kilihuzunisha, lakini hakuna aliyeweza kusema ametapeliwa. Tukumbuke tofauti hiyo: kuhuzunishwa na hadithi si sawa na kudanganywa nayo.

Sasa tuangalie mifano mitatu ya nchi za nje. Kila mmoja unaonyesha sababu yake.

SABABU YA KWANZA: HADITHI KUFUTWA

Marekani palikuwa na tamthilia iliyoitwa Dallas. Ilianza mwaka 1978 ikaisha mwaka 1991. Ilihusu ukoo wa Ewing, matajiri wa mafuta katika jimbo la Texas. Walikuwepo ndugu wawili: J.R., mjanja na mkorofi, na mdogo wake Bobby, mwenye roho nzuri.

Dallas iliwashika watu kweli kweli. Machi 1980 msimu uliishia pale J.R. alipopigwa risasi na mtu asiyeonekana. Watu walingoja miezi 8 kujua nani alipiga. Jibu lilitolewa tarehe 21 Novemba, 1980: alikuwa Kristin, shemeji yake. Siku hiyo Wamarekani kama milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni zao. Huko ni kungoja kuliko na malipo. Waliuliza swali, wakapewa jibu.

Halafu mwaka 1985 mwigizaji wa Bobby, Patrick Duffy, aliamua kuondoka akatafute kazi nyingine. Waandishi wakamwua Bobby kwa kugongwa na gari. Steringi amekufa! Ndugu zake wakamlilia, na watazamaji wakalia pamoja nao. Msimu uliofuata ukaendelea bila yeye, sehemu 31. Lakini watazamaji walianza kupungua. Katika hesabu za televisheni za Marekani, Dallas iliteremka kutoka nafasi ya 2 mpaka nafasi ya 6.

Wenye mchezo wakaona hasara. Wakamwomba Duffy arudi, naye akakubali. Lakini wamrudisheje mtu aliyekwisha kuzikwa? Mwezi Mei 1986 Pam, aliyekuwa mke wa Bobby, aliamka asubuhi akamkuta Bobby bafuni anaoga. Septemba 1986 maelezo yakatolewa: kifo cha Bobby na mambo yote ya sehemu zile 31 yalikuwa ndoto ya Pam.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Umefuatilia mwaka mzima. Watu wameoana, wameachana, wamegombana, nawe umewafuata kote huko. Kisha unaambiwa hakuna lililotokea. Wapo waliofurahi kumwona Bobby tena. Wengi waliona wamefanywa watoto. Msimu uliofuata Dallas ilikuwa nafasi ya 11. Tena kulikuwa na tamthilia nyingine iliyozaliwa na Dallas, iitwayo Knots Landing, ambamo ndugu wa Bobby alikuwa amekwisha kumwombolezea. Huko Bobby aliachwa kuwa marehemu. Basi mtu mmoja akawa hai katika tamthilia moja na maiti katika nyingine!

Tunaona nini hapa? Jambo lililoharibu hadithi lilitoka nje ya hadithi. Mwigizaji alitaka kuondoka, na baadaye wenye mchezo walitaka watazamaji warudi. Mara nyingi tunapoona mhusika amepotea ghafla, chanzo ni mkataba, au ugonjwa, au mshahara. Hadithi yenyewe haikuhitaji apotee.

SABABU YA PILI: MWISHO KUHARAKISHWA

Tamthilia ya pili ni Game of Thrones, pia ya Marekani. Ilianza mwaka 2011 ikaisha mwezi Mei 2019, jumla ya sehemu 73 katika misimu 8. Ilitokana na vitabu vya George R. R. Martin vinavyosimulia koo zinazogombania kiti cha ufalme. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha tano mwaka 2011. Cha sita hakikutoka kabla tamthilia haijaisha. Kwa hiyo waandishi wa televisheni walifika mahali vitabu vikawaishia, wakabaki na muhtasari tu wa mambo yanayokuja. Ni kama dereva aliyefika mwisho wa lami.

Misimu 6 ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ulikuwa na 7. Wa nane ulikuwa na 6 tu. Safari zilizochukua msimu mzima zamani, sasa zikachukua usiku mmoja. Malkia Daenerys, ambaye watu walimpenda kwa kuwakomboa watumwa, aliuchoma moto mji mzima katika sehemu ya tano ya msimu ule. Huenda mwandishi angeweza kutuonyesha polepole jinsi moyo wa malkia ulivyogeuka. Wengi waliona amegeuka kama mtu anavyogeuza shati.

Palikuwa na malalamiko mengine pia. Sehemu ya tatu ilionyesha vita ya usiku, na watu wakasema walitazama giza tupu. Mpiga picha wake alijibu kwamba giza lile lilikuwa la makusudi, na kwamba watazamaji hawakurekebisha televisheni zao vizuri. Sehemu ya nne kikombe cha kahawa cha siku hizi kilisahauliwa mezani katika karamu ya watu wa kale. Kampuni ilikiri kosa hilo na kukifuta kikombe kwenye picha.

Watazamaji walifanya nini? Zaidi ya watu milioni 1 walitia sahihi ombi kwenye intaneti wakitaka msimu ule utengenezwe upya na waandishi wengine. Haukutengenezwa. Lakini usiku wa sehemu ya mwisho, watu milioni 19 na zaidi waliitazama huko Marekani. Septemba mwaka huo huo, tamthilia ile ikapewa tuzo 12 za Emmy, ikiwemo ya tamthilia bora ya mwaka. Tuzo hizo hupigiwa kura na watu wanaofanya kazi ya televisheni wenyewe. Fundi seremala akimsifu fundi mwenzake, hutazama viungo na randa. Mwenye kununua kiti hutazama kama kinakalika. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

SABABU YA TATU: KUKATWAKATWA NJIANI

Watazamaji wengi wa kwetu wanaijua tamthilia ya Sultan, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilitengenezwa Uturuki na kuonyeshwa huko tangu mwaka 2011 mpaka 2014, sehemu 139. Tamthilia za Uturuki kwao huonyeshwa mara moja kwa wiki, na sehemu moja huwa ndefu, inaweza kufika saa 2. Zikiuzwa nchi za nje hukatwa vipande vifupi vinavyotosha nafasi ya kituo. Sehemu moja inazaa mbili au tatu.

Kwa hiyo ukiona sehemu imeisha katikati ya mazungumzo, au jioni nzima watu wanaangaliana tu bila jambo kutokea, usimlaumu mwandishi haraka. Huenda yeye aliuweka mshindo mwishoni mwa saa 2, na mkasi umekuacha kabla hujaufikia. Kosa ni la mkato.

Tamthilia hiyo hiyo inaonyesha pia jambo tulilosema juu ya Bobby. Mwaka 2013 mwigizaji wa Hurrem, mke wa Sultani, aliondoka kabla ya msimu kwisha. Msimu wa mwisho Hurrem aliigizwa na mwanamke mwingine. Ndiyo sababu sura yake ilibadilika. Waliodhani ni ujanja wa kituo chao walikosea.

UHAKIKI NI NINI?

Mhakiki mzuri hufanya kazi tatu. Anaeleza alichokiona bila kuongeza chumvi. Anatoa hukumu yake. Kisha anatoa sababu, ili wewe uweze kumpinga. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa. Mtu anayesema "mbovu sana" bila sababu hajahakiki, amepiga kelele. Anayesema "nzuri sana" bila sababu naye vivyo hivyo.

Tujue pia mhakiki anafanyaje kazi. Mara nyingi kampuni humpa sehemu kadhaa azitazame kabla hazijaonyeshwa. Anazitazama mfululizo, bila kungoja wiki, bila matangazo. Sisi tunazitazama kwa vipande. Ni kama mtu aliyekula ugali wote kwa mkao mmoja na mwingine aliyepewa tonge moja kila siku. Hawawezi kuusimulia mlo sawasawa. Msimu wa mwisho wa Game of Thrones mambo yalikuwa kinyume. Kampuni iliogopa siri kuvuja, haikuwapa wahakiki kitu mapema. Wengine wakaandika usiku ule ule, moyo bado moto. Kwa hiyo uulize daima: huyu alitazama lini, na alitazama kiasi gani?

HESABU YA ASILIMIA

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuna mahali kwenye intaneti panapokusanya uhakiki wa watu wengi na kutoa asilimia. Panapojulikana zaidi ni Rotten Tomatoes, palipoanzishwa Marekani mwaka 1998. Mtu akiona "asilimia 60" hudhani ni alama 60 kwa 100, kama mtihani wa kisomo. Sivyo!

Asilimia ile ni idadi ya wahakiki walioipenda kazi, katika kila wahakiki 100. Haisemi waliipenda kiasi gani. Tufanye hesabu.

Chukua wahakiki 10. Wote 10 wanasema tamthilia A ni ya wastani, inatazamika, kila mmoja anaipa alama 6 kwa 10. Kwa kuwa wote wameikubali, tamthilia A inapata asilimia 100.

Sasa tamthilia B. Wahakiki 6 wanaipenda mno, kila mmoja anatoa alama 10. Wengine 4 hawaipendi, kila mmoja anatoa alama 4. Walioikubali ni 6 kati ya 10, kwa hiyo B inapata asilimia 60.

Tafuta wastani wa alama. Tamthilia A: 6 mara 10 ni 60, gawanya kwa 10, unapata 6. Tamthilia B: 6 mara 10 ni 60, na 4 mara 4 ni 16, jumla 76. Gawanya kwa 10, unapata 7.6. Umeona? Iliyopata asilimia 60 ina wastani mkubwa kuliko iliyopata asilimia 100! Aliyekwenda na asilimia peke yake amechagua ile ya wastani, akaiacha ile ambayo watu 6 waliipenda mno.

Kura za watazamaji nazo zina kasoro yake. Aliyeudhika hupiga kura upesi kuliko aliyeridhika. Wengine hupiga kura ya chuki kwa kitu ambacho hawakukitazama. Basi asilimia ni kama bango la njia panda. Linakuonyesha upande, halikuambii kama njia ina matope.

SISI TUANDIKEJE?

Ndugu msomaji, wewe uliyemaliza kisomo unaweza kuhakiki. Kalamu unayo na macho unayo. Sehemu ikikuudhi, usiishie kusonya. Wala usimtukane mwigizaji kwa ubaya wa mtu aliyemwigiza. Yeye ametumwa. Fanya hivi:

1. Andika jina la tamthilia na siku uliyoitazama.
2. Eleza kwa sentensi mbili au tatu lililotokea.
3. Taja jambo moja lililokuridhisha. Hata chakula kibaya huwa na chumvi yake.
4. Taja jambo lililokuudhi, na useme ni la aina gani. Je, mhusika amebadilika bila sababu? Mambo yameharakishwa? Picha haionekani? Sehemu imekatwa vibaya? Sauti za Kiswahili hazilingani na midomo?
5. Sema ungependa nini kifanyike.

Ukimaliza, somea wenzako. Halafu peleka barua kwenye kituo au gazeti. Msiseme barua hazina kazi. Wasomaji wa Sherlock Holmes walingoja miaka mingi, lakini alirudi. Watazamaji wa Dallas walipopungua, wenye mchezo walihangaika. Ni kweli wale zaidi ya milioni 1 wa Game of Thrones hawakupata walichotaka, maana kazi ilikwisha kutengenezwa. Lakini tamthilia nyingi za kila siku huandikwa huku zinaonyeshwa. Hapo maoni yanaweza kufika kabla mwandishi hajamaliza.

Na kama kituo hakijibu, bado una uamuzi mmoja usiohitaji barua: kuzima. Kikundi kinachochanga pesa ya kifurushi kina haki ya kukaa mwisho wa mwezi na kuulizana, "Tulichotazama kilistahili pesa yetu na usingizi wetu?" Wakiona hakikustahili, wabadili. Wakiona kilistahili, waendelee bila aibu, hata kama wahakiki wa mbali wamekiponda.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni sehemu moja ya tamthilia iliyowaudhi. Ilikuwa sababu ya kwanza, ya pili, ya tatu, au nyingine?
2. Je, kuna hadithi ya huzuni iliyowaridhisha? Kwa nini haikuwaudhi?
3. Wahakiki 20 wametazama tamthilia, na 15 wameipenda. Ni asilimia ngapi? Je, asilimia hiyo inatuambia waliipenda kiasi gani?
4. Kikundi chenu hutumia shilingi ngapi kwa mwezi kutazama televisheni? Zidisheni mara 12. Mnaridhika?

Tunangoja barua zenu. Andikeni hata kama mwandiko bado unayumba. Tutausoma.